Mkono Uliokataa Kuachia

"Niachie nywele zangu, nakwambia!"

"Sikushiki, Redio! Haki ya Mungu sikushiki!"

"Hunishiki? Na huu mkono kichwani kwangu ni wa nani, wa marehemu bibi yangu?"

Ukumbi wa nyumba ya wapangaji ulijaa kufumba na kufumbua. Wenye sufuria waliziacha motoni, aliyekuwa anaoga akatoka na povu sikioni. Walichokiona ni hiki: Redio, jirani wa mlango wa pili, aliyeitwa hivyo kwa kuwa habari hazilali kwake, ameinama, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama ufagio. Na msusi wake, mama wa makamo waliyemzoea kwa jina la Chanuo, amemkamata nywele za utosini.

Na kweli walikuwa wamegombana. Chanuo alisikia Redio anamtangaza kuwa siku hizi amekuwa mzito, kichwa cha saa mbili anakimaliza kwa saa tano. Akamuuliza huku anasuka. Redio akajibu ndiyo nimesema, kwani uongo? Akainuka kwa hasira. Chanuo akataka kuachia. Vidole vikakataa.

Hilo la mwisho hakuna aliyeliona ila yeye.

Alikuwa na tatizo hilo mwaka mzima. Akikaza mkono kwa nguvu, haufunguki anapotaka. Anahesabu mpaka ishirini, ndipo unafunguka, tena kwa kinyongo. Ndiyo maana kila asubuhi alikunja na kukunjua vidole kabla ya mteja wa kwanza, na ndiyo maana alikuwa mzito. Hakumwambia mtu. Jumamosi iliyokuwa inakuja ilikuwa zamu yake kumsuka binti wa Redio, bibi harusi, pamoja na wapambe sita, mbele ya nyumba iliyojaa wageni. Kazi hiyo ikienda vizuri, wateja wa mwaka mzima hao. Ikiharibika, unga umemwagika.

"Wamwagieni maji, wataachana!" akapaza sauti fundi seremala wa chumba cha nyuma.

Ndoo ya maji baridi ikawashukia wote wawili. Mkono ulipopata ubaridi ukakaza zaidi. Redio akapiga yowe la kuitisha mtaa. Seremala akaanza kumfungua vidole kimoja kimoja kama anang'oa misumari, na Chanuo akawa anautazama mkono wake kama wa mtu mwingine, anaubembeleza kimoyomoyo: achia, achia mwanangu, unaniaibisha. Haukusikia. Machozi yakamtoka. Baadaye sana vidole vikalegea vyenyewe, polepole, wakati seremala amekwisha kata tamaa.

"Mchawi mkubwa wewe," Redio akaanza, lakini akauona uso wa mwenzake.

Kesho yake ni Redio huyo huyo, kitambaa kichwani, aliyemshika mkono mpaka hospitali.

Daktari, mama mmoja mpole mwenye miwani, akamchoma Chanuo sindano nyembamba kwenye nyama ya kiganja. Sindano ilikuwa na waya uliokwenda kwenye mashine. Akamwambia akunje ngumi, kisha alegeze. Mashine ikanguruma kama pikipiki inayopanda mlima, ikafifia, ikanguruma tena. Ngumi bado imefungwa.

"Mnasikia?" daktari akasema. "Mtu akitaka kushika kitu, ubongo unatuma habari kwa njia ya neva hadi kwenye msuli. Ncha ya neva inadondosha kemikali kidogo tu, msuli unashtuka, nyuzi zake zinavutana, mkono unafunga. Akitaka kuachia, neva inanyamaza. Ile kemikali inafutwa, nyuzi zinaachana."

"Kwa hiyo neva yake ndiyo haijanyamaza?" Redio akadakia. Hakutaka habari hii impite.

"Imenyamaza zamani, mama. Ni msuli unaoendelea kujishtua wenyewe. Ngoma imezimwa, msuli bado unacheza."

"Sasa niuambie nini?" Chanuo akauliza.

"Huna cha kuuambia, dada. Amri ya kuachia umeshaitoa."

Dawa ya kulegeza ilikuwepo, lakini moyo upimwe kwanza, na foleni ya kipimo ilikuwa ya wiki tatu. Dawa ya kuumaliza ugonjwa haikuwepo. Ni wa kurithi, daktari akasema, na nguvu za mikono zitazidi kupungua. Chanuo akamkumbuka mama yake mzazi, alivyokuwa akishika kitasa cha mlango na kusimama hapo hapo, na wao watoto wakicheka.

"Usijali," Redio akamwambia njiani. "Mtaa wote utajua hukufanya kusudi. Hilo niachie mimi."

Akatimiza ahadi. Mpaka Alhamisi hata muuza mkaa alikuwa anaeleza habari za neva, tena kwa usahihi, maana safari hii Redio hakutia chumvi. Watu wakampa Chanuo pole kwa moyo safi. Hakuna aliyekaa kwenye kigoda chake. Mgomvi wangemsusia wiki moja kisha warudi, kwa kuwa misuko yake ilipendeza. Mgonjwa walimwonea huruma, kichwa hawakumpa.

Jumamosi aliloweka mkono kwenye maji ya moto, akakunja na kukunjua hata ukawa laini. Akachukua mkoba wake wa kazi, akaenda kwa Redio.

Mlangoni akasimama. Bibi harusi alikuwa ameketi mkekani kati ya wapambe wake, nyuma yake msichana wa saluni ya barabarani anamsuka, vidole vinakimbia. Chanuo akatafuta kosa kwenye mistari ile. Hakuliona. Redio akatoka jikoni anafuta mikono.

"Shoga," akasema kwa sauti ya chini, "nilitaka kukwambia. Nikashindwa."

"Leo unafunguka vizuri. Tazama." Chanuo akakunja kiganja, akakikunjua.

"Naona."

"Hata mpambe mmoja tu. Yule mdogo."

Redio akamgeukia yule mdogo. Naye, bila kujijua, alikuwa ameshashika nywele zake kwa mikono miwili.

Msichana wa saluni akasimamisha vidole. Redio akausogelea mkoba, akampokea Chanuo begani taratibu, akauweka ndani, nyuma ya mlango.

"Vua viatu uingie, mwenzangu," akasema. "Njoo tule, chakula kinapoa."