Upande wa Pili wa Kaseti ya Macharia

Kaseti ilikuwa ndani ya redio yangu, na redio yangu hukaa jikoni, juu ya kabati la mchele, karibu na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Kila mtu hapa nyumbani anajua kuwa ile ni redio ya Dadima, yaani bibi, ndiye mimi. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo neno nililojitetea nalo moyoni kwa siku nyingi, na halikunisaidia.

Mimi ni Shahbanu, mjane wa Gulamhussein wa Tanga. Naishi Thorncliffe Park, mjini Toronto, ghorofa ya kumi na nne, kwa mwanangu Aliakbar na binti yake Kisa. Kisa ana miaka ishirini, anasoma chuo. Nikimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, kisha ananijibu kwa Kiingereza. Tumezoeana hivyo tangu akiwa mdogo na hatujawahi kukosana kwa sababu hiyo.

Kisa anaipenda bendi moja ya Wamarekani iitwayo Paper Kettle. Aliponieleza maana yake ni birika la karatasi, nilimuuliza nani atachemshia maji humo, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Walikuwa vijana wanne wa Ohio, walianza miaka thelathini iliyopita katika chumba cha chini cha nyumba ya kupanga, hawakupata kuwa maarufu, wakaachana. Lakini wapo watu huku na huku duniani wanaowakumbuka, na Kisa alikuwa anawaandalia watu hao orodha ya kila kitu ambacho bendi ile ilirekodi. Kila albamu, kila santuri ndogo, kila kaseti. Mwaka gani, nani alipiga gitaa, wimbo una dakika ngapi. Kazi ya miaka miwili. Alikuwa akinionyesha kurasa zake kama mimi nilivyokuwa nikimwonyesha mama yangu kitambaa nilichofuma, na mimi nilimsifu bila kuelewa.

Orodha yake ilianza na namba mbili. Namba moja aliiacha wazi, kwa sababu kaseti yao ya kwanza kabisa, waliyoirekodi kabla hawajawa na jina, hakuna aliyekuwa nayo. Watu walijua tu kuwa iliwahi kuwapo.

Kumbe aliyekuwa nayo alikuwa hapa hapa Toronto. Anaitwa Macharia, Mkenya, fundi wa lifti, anaishi St. James Town. Alisoma Ohio ujanani na alikuwa amepanga nyumba moja na mpiga ngoma wao. Kisa alimpata kwa kuandikiana, na siku moja mwezi wa sita Macharia akaja kwetu mwenyewe na kaseti mfukoni mwa shati, upande wa moyo. Alikuwa amepanda basi mbili, kwa sababu alisema kitu kile hawezi kukitia kwenye posta. Nilimpa chai na mandazi kwa mbaazi. Alikula matatu, akaniomba ruhusa ya kula la nne, akaniambia lifti ya jengo letu inalia kama mbuzi na kwamba angekuwa yeye fundi wake angeona aibu. Alipoondoka alimkabidhi Kisa kaseti kwa mikono miwili. Haikuwa na karatasi wala maandishi, ila mchoro mdogo wa birika kwa penseli, uliofifia.

Kisa akaniomba redio yangu, maana hapa nyumbani hakuna kingine kinachocheza kaseti. Aliiunganisha na kompyuta yake kwa waya akanakili upande wa kwanza, kisha akaigeuza tayari kwa upande wa pili. Kesho yake mwezi wa Muharram, mwezi wetu wa maombolezo, ukaandama.

Sasa niwaeleze desturi yetu, kwa sababu ndiyo iliyoniponza. Sisi wanawake tunaosoma nauha, yaani zile beti za maombolezo ya Imam Hussein, tulijifunza kwa kaseti. Najirekodi, nasikiliza, najisahihisha, narekodi tena. Tanga kaseti tupu zilikuwa adimu, lakini kaseti za nyimbo za filamu zilijaa kila duka. Kaseti ya dukani huja na vile vitundu viwili vya juu vimeachwa wazi, ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Sisi tulikata vipande viwili vya selotepu, tukaziba vitundu, basi kaseti ikawa mpya. Mama yangu alisema ni thawabu mara mbili: umepata kusoma nauha, na umefuta muziki. Nimefanya hivyo miaka hamsini. Hata hapa Kanada, droo yangu ina selotepu kabla ya kuwa na mkasi.

Siku ya tatu ya Muharram nilikuwa nyumbani peke yangu. Siku ya saba nilitakiwa kusoma kwenye majlisi ya wanawake, kwa Bi Nazlin wa ghorofa ya tisa. Nikafungua redio, nikaona kaseti humo. Nililiona lile birika la penseli. Nilijua si yangu.

Nikabonyeza, nikasikiliza kama nusu dakika. Gitaa halikuwa sawa, na kijana aliimba kama mtu aliyeamshwa usingizini akiwa bado amekasirika. Nikasema moyoni, kelele gani hizi, katika mwezi huu, ndani ya redio ambayo marehemu mume wangu alininunulia. Nikaona bora lipite juu yake jina la Imam. Nikairudisha kaseti mwanzo, nikakata selotepu.

Wangu wakiniuliza leo, nawaambia sikujua thamani yake. Ni kweli, sikujua. Lakini nilijua ni kitu cha mtu, na nilikidharau kwanza ndipo nikakifuta. Hilo la pili siwaambii, naliandika hapa.

Nilisoma dakika kumi na nne. Nilipomaliza niliitia kaseti kwenye bati langu la biskuti pamoja na nyingine, nikaenda kuosha dengu.

Siku ya tano Kisa alirudi kutoka chuoni, akaja jikoni moja kwa moja. Akaniambia, kwa Kiingereza chake, kwamba alisahau kaseti ya mjomba Macharia ndani ya redio. Upande wa pili alikuwa bado hajaunakili. Aliacha makusudi, akasema, kwa sababu mwezi uliandama na hakutaka muziki ulie nyumbani mbele yangu katika siku zangu za huzuni. Alikusudia kuumalizia baada ya Ashura, siku ya kumi.

Nilikuwa nimeshika tasbihi. Akaniuliza kama nimeiona.

"Sijaiona, mama," nikasema.

Hakuna aliyenilazimisha. Neno lilitoka jepesi kama jibu la salamu.

Kisa aliitafuta siku nne. Alisogeza makochi, akapekua mifuko ya makoti ya baridi, akaenda kuuliza chuoni. Upande wa pili, nilimsikia akimweleza baba yake, ulikuwa na nyimbo tatu ambazo hazimo katika rekodi nyingine yoyote. Aliakbar alimgombeza mezani. Alimwambia hajui kutunza vitu vya watu, kwamba mtu mzima amepanda basi mbili kumletea amana na yeye ameitupa kama ganda la ndizi. Nilikuwa nimesimama na bakuli la wali mkononi, na nilichofanya ni kumwongezea Kisa wali.

Siku ya saba nilisoma kwa Bi Nazlin. Wanawake walilia, na baadaye walinishika mikono wakanisifu sauti, wakasema miaka hii naisoma ile nauha bila kukosea hata mahali pamoja. Niliwaza nimejifunzia wapi.

Nilipopanda nyumbani nilikuta redio yangu imefutwa vumbi. Kisa alikuwa ameifungua kwa bisibisi, akasafisha kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti, akaweka betri mpya. Aliniachia kikaratasi, kwa Kiswahili chake cha kuunganisha: samahani Dadima nimekusumbua na redio yako wakati wa kusoma. Nilikitia kikaratasi kwenye Kurani yangu, kisha nikakitoa, nikaona hapo pia sistahili kukiweka.

Nilingoja Ashura ipite. Nilijidanganya kuwa nangoja kwa sababu ya heshima ya siku. Siku ya kumi na mbili Kisa alikaa jikoni kumwandikia Macharia kwamba kaseti yake imepotea, na kwamba kosa ni lake. Alinisomea barua ili nimsaidie maneno ya adabu ya kumwandikia mtu mzima. Alipofika kwenye "nimeipoteza mimi", nililitoa bati la biskuti kabatini, nikalifungua mbele yake, nikaiweka kaseti juu ya meza. Selotepu ilikuwa bado juu ya vitundu.

Kisa aligusa selotepu kwa kucha. Ameniona nikifanya hivyo tangu utoto, hakuhitaji maelezo.

Nilitarajia aulize kwa nini nimefuta. Aliuliza kwa Kiswahili, polepole, akitafuta kila neno.

"Kwa nini ulisema hujaiona?"

"Niliona aibu."

"Na mimi, baba aliponisema pale mezani?"

Kisa akaondoka akaingia chumbani kwake, akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza, na mimi ningependa angeubamiza.

Baba yake aliporudi kutoka kazini nilimweleza kila kitu mlangoni, kabla hajavua viatu. Alikwenda akasimama kwenye mlango wa bintiye akamwomba radhi. Chai niliyompa aliinywa akiwa amesimama.

Siku iliyofuata nilimwambia Kisa tuende kwa Macharia. Ndani ya basi akaniambia ameshafikiri: atasema yeye ndiye aliyerekodi sauti yangu juu yake kwa bahati mbaya, alipokuwa anajaribu waya. Alisema mimi ni mzee, na Macharia ni mgeni kwetu, hapana haja nijiaibishe. Baada ya yote niliyomtendea, alikuwa bado anatafuta namna ya kunifunika. Nilimwambia mdomo ninao.

Macharia alitupokea akiwa na fulana yake ya kazi. Sikukaa. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kuanzia birika la penseli hadi tasbihi, na ile nusu dakika niliyosikiliza na nilivyoidharau. Kaseti nilimrudishia kwa mikono miwili, kama alivyotukabidhi.

Akaiweka kwenye redio yake kubwa ya zamani, akairudisha mwanzo, akabonyeza. Ikatoka sauti yangu. Hapo ndipo nilipokaa. Nilidhani ataizima baada ya ubeti mmoja, lakini aliisikiliza yote, dakika kumi na nne, mikono magotini. Nilijisikia nikikosea mstari, nikisema astaghfirullah, nikirudia. Birika langu lilipiga filimbi katikati. Kisha sauti yangu ikakatika, na ikaja dakika moja ya mwisho ya wale vijana: ngoma, gitaa lile lile lisilo sawa, mtu akicheka, basi.

Nilikuwa sijawahi kukaa kusikiliza muziki ndani ya Muharram. Siku hiyo niliusikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa sikuusikiliza ilipotakiwa.

"Mama," Macharia akasema, "kwani hukufika pale tunapohesabu?"

Nikamuuliza wapi.

"Wimbo wa kwanza wa upande huu. Unaanza na kelele za kujaribu vyombo na sauti, hizo ndizo ulizosikia. Halafu kuna mtu anahesabu, ndipo wimbo unaingia. Moja, mbili, tatu, nne. Ni mimi huyo. Walisema wamechoka kuhesabu kwa Kiingereza kila siku, nihesabu kwa lugha ya kwetu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na nywele mpaka hapa." Akaonyesha begani, na kichwa chake hakina unywele hata mmoja. Kisa alicheka kidogo, kisha akaacha.

Alisema alitaka kumsikilizisha binti yake, ambaye haamini kama aliwahi kuwa kijana.

Ningengoja dakika moja zaidi, ningemsikia. Pengine ningedhani ni mtoto wa jirani yetu wa Tanga anacheza uani. Nisingekata selotepu, mkono ungekataa. Lakini sikungoja, maana nilikuwa nimekwisha kuamua kuwa ndani yake hamna mtu.

Macharia hakunifariji kwa kusema si kitu. Alisema ni kitu, na kwamba asante kwa kuja. Kisha akatuletea chai ya maziwa, akanipa kiti chenye mto, akaeleza jirani yake ana dawa nzuri ya magoti.

Kisa alitoa kompyuta yake pale pale, akamuuliza Macharia aandike nini kwenye namba moja. Macharia akamwambia aandike tu kuwa upande wa pili haupo. Mimi nikakataa. Nilimwambia Kisa aandike umefutwa, na aandike umefutwa na nani. Alinitazama kuona kama nimesema kweli. Akaandika majina ya zile nyimbo tatu kama Macharia alivyoyakumbuka, akaandika kuwa wa kwanza ulianza kwa kuhesabiwa kwa Kiswahili na Macharia, na chini yake akaandika kuwa upande huu ulifutwa na Shahbanu Gulamhussein wa Thorncliffe Park, aliyerekodi nauha juu yake. Alinisomea. Nikamwambia sawa.

Orodha imeshatoka. Kisa anasema watu wa Japani na Brazili wameisoma. Jina langu liko hapo, katika namba moja, kila anayeipenda bendi ile ataliona.

Kisa amerudi kunijibu kwa Kiingereza, na hucheka nikimtania kuhusu birika. Lakini vitu vyake haviachi tena jikoni. Juzi aliniletea pakiti ya kaseti tupu, tano, sijui alizipata wapi siku hizi. Juu ya kila moja ameandika Dadima kwa wino mweusi, herufi kubwa, pande zote mbili. Nilimshukuru. Nimezipanga juu ya kabati la mchele, na bado sijafungua hata moja.