Huszár wa Vendel

Mbele ya Vendel, ukiita kete ile ya sataranji "farasi" umejitafutia balaa. "Farasi yuko zizini," alikuwa akitukemea. "Huyu ni huszár, askari wa farasi. Ana upanga, ana masharubu, anaruka vichwa vya watu." Mji mzima wa Miskolc ulijua kwamba ukimwachia Vendel huszár wake wote wawili, bora uagize mvinyo unywe, maana sataranji imekwisha.

Kila Jumamosi mchana tulicheza kwenye baa ya Bi Etelka, mkate wa mafuta na vitunguu kando ya ubao, watazamaji wametuzunguka. Watazamaji wetu Mungu awasamehe. Mchezo si wao, hasara si yao, lakini mdomo wanao. Mkali wao alikuwa Kornél, fundi saa mstaafu.

Jumamosi ile Vendel alimshika huszár wake, akamsogeza kimshazari, mwendo wa kete ya askofu, akamtua. Kisha akaegemea kiti, ametulia.

Nilidhani ananitania. Nikamtazama usoni, hakuwa na utani. Binti yake alishanidokeza kuwa siku hizi baba anasahausahau, nami nikambishia, nikamwambia huyu atatuzika sote.

Kornél alikuwa keshafungua mdomo. Bingwa wa mji achekwe kwa mwendo ambao hata watoto wanaujua? Sikukubali. Upesi nikamdaka huszár wangu, nikampeleka moja kwa moja hadi ng'ambo ya ubao, nikala kitunda cha Vendel, kete yake ndogo.

Baa iliangua kicheko.

"Dezső, vipi, umelewa?" Kornél akaniuliza. "Huyo huszár umempandisha tramu?"

"Ni mvinyo wa Etelka huu. Msinilaumu mimi."

"Glasi moja tu hiyo, tena hujaimaliza," Etelka akajibu kutoka kaunta. "Mvinyo wangu usiusingizie."

Wakanicheka mpaka wakachoka, na hakuna aliyekumbuka tena mwendo wa Vendel. Nilifurahi, nasema kweli. Nilijiona nimemsitiri rafiki yangu.

Vendel peke yake hakucheka. Alimrudisha huszár wangu alikotoka, akauweka mkono wake juu ya wangu, tukamshika pamoja.

"Mbili mbele, moja pembeni," akasema taratibu. "Hivi. Usione haya, bwana, mwanzoni kila mtu anakosea. Nina rafiki yangu mmoja, Dezső, kichwa kigumu huyo. Nilimfundisha majira mazima ya baridi. Sasa hivi ananitoa jasho."

Kornél aliinamisha kichwa, akawa anaangalia viatu vyake.

"Huwa anakuja mida hii," Vendel akaendelea, macho mlangoni. "Akija utampisha hapo, sawa? Hicho ni kiti chake."