Shikamoo Kumi na Moja

Mwalimu Revocatus ndiye aliyekipa chama jina: Wapagazi wa Hewani. Alifundisha historia miaka thelathini, na mtu wa namna hiyo haoni kitu hapa Tabora bila kukibebesha pembe za ndovu. Wapagazi wa zamani walitoka hapa na mzigo begani wakaufikisha pwani kwa miguu. Hawa wa kwake walishindwa kufikisha sentensi moja kutoka Itetemia hadi Kwihara, tena wana betri.

Nasema hivyo kwa sababu mle ndani mjuzi nilikuwa mimi peke yangu. Nilianza kazi ya reli nikiwa binti, stesheni ya Tura, nikamalizia chumba cha mawasiliano hapa mjini, miaka ishirini na minane nikizungumza na stesheni kwa redio. Treni mbili zilizo kwenye njia moja hazikungoji umalize kujuliana hali. Unabonyeza, unasema, unaachia, unasikiliza. Nilistaafu bila doa, nikadhani nimeshaagana na watu wanaouliza "haloo, unanisikia?" mara sita mfululizo.

Halafu zikaingia hizi redio koli za mkononi, zinauzwa dukani rafu moja na sufuria, na kila mwenye jioni isiyo na kazi akawa fundi mitambo. Dionis wa vipuri vya baiskeli alinunua kubwa kuliko zote. Kwenye boksi pameandikwa kilomita hamsini. Nilimuuliza aliyezipima hizo kilomita alisimama wapi, mwezini? Akanijibu kwamba ina tochi. Shomari fundi cherehani aliifungua antena yake kwa sababu ilimchoma mbavu ikiwa mfukoni, akazungumza bila antena siku nzima, akaunguza kifaa, kisha akaniletea akilalamika kwamba betri ni mbovu. Mwalimu mwenyewe alikaa wiki mbili hasikii mtu, akatangaza kwamba tumemtenga. Kumbe alikuwa ameiwekea redio yake msimbo wa kuchuja sauti, ikawa haimfungulii mlango mtu yeyote ila mwenye msimbo huo, na msimbo wenyewe hakumpa mtu. Niliubonyeza ukatoka. Hakusema hata ahsante, alisema vifaa vya siku hizi havina adabu.

Sikujiunga kwa kuwapenda. Nilijiunga kwa ajili ya Tobias, mdogo wangu, ndugu pekee niliyebaki naye tangu tumzike dada yetu. Tobias anaishi Ntalikwa na mkamwana wake Nyamizi. Mwanawe Elieza ni dereva wa lori huko Igunga, haonekani nyumbani ila sikukuu. Tobias ana miaka hamsini na minane na bado anapanda miti kurina asali kwenye mizinga ya magogo, mingine iko juu kuliko paa la kanisa. Msituni kwake simu haishiki. Kila msimu wa asali nilikuwa silali vizuri, nikimwona anaanguka na hakuna wa kuniambia. Kwa hiyo nilimchagulia redio mwenyewe: ndogo, ya wati tano, vitufe vitatu, betri mbili, haina tochi. Kwangu Itetemia nikasimamisha antena juu ya bomba la maji lililopita bati kwa mita sita. Dionis na kilomita zake hamsini hakuwahi kuusikia msitu ule hata siku moja. Aliyeusikia ni mimi tu.

Nyamizi ndiye aliyekuwa akibeba redio, maana Tobias akiwa mtini mikono yake ina kazi. Na hapo ndipo yalipoanza ya shikamoo.

Kila Jumamosi saa kumi tulikuwa na mwito wa majina. Watu kumi na wawili. Kazi hiyo relini ningeimaliza kwa dakika tatu. Wapagazi wa Hewani waliifanya kwa saa nzima. Kila mmoja alimwamkia Mwalimu, Mwalimu akaitikia, akaulizwa habari za toka Jumamosi, akajibu, akauliza za watoto, za kuku, za mvua iliyonyesha upande wa Nzega. Kisha wakaanza kuamkiana wao kwa wao kwa kufuata umri, na umri wenyewe ukabishaniwa hewani. Ubaya zaidi ni kwamba walikuwa hawaachii kitufe. Mtu anasema shikamoo, halafu anaendelea kukibonyeza kwa unyenyekevu akingoja marahaba. Redio hizi haziwezi kusema na kusikia kwa pamoja. Ukishikilia kitufe, marahaba unayoingoja umeifungia nje mwenyewe, na wenzako wote umewafungia nayo. Niliwaeleza hadi koo likakauka. Shomari akaniambia kwamba kuachia kitufe kabla mkubwa hajaitikia ni kumpa mgongo.

Nyamizi aliwapita wote. Siku moja nilikwenda Ntalikwa bila taarifa nikamkuta uani anazungumza na Mwalimu. Alikuwa amepiga goti. Amepiga goti mavumbini, kitenge kimefungwa vizuri, kichwa kimeinama mbele ya redio iliyowekwa juu ya kinu. Tobias alikuwa mlangoni anacheka kwa upendo. Mimi sikucheka. Niliona kwamba siku ya shida binti huyu atazipoteza dakika zote akiinama.

Jumamosi iliyofuata nikamfunza, na nikamfunza mbele za watu. Alifungua kwa "Shangazi, shikamoo," akashikilia kitufe. Alipochoka akaachia, nami nikaingia.

"Nyamizi, hii si sebule. Sema unamwita nani, sema wewe ni nani, sema shida yako, achia. Ukiniamkia tena kwenye masafa haya sikujibu. Umenielewa?"

Baadaye Mwalimu akaanza habari za kuku wake.

Tobias alikuja kesho yake kwa baiskeli baada ya misa. Hakukaa kitini, alisimama ameshika usukani.

"Dada, umemuumbua mtoto wa watu."

"Nimemfundisha."

"Yeye hawezi kumwambia mkubwa jambo lolote kabla hajaitikiwa. Kwao ndivyo walivyolelewa. Hata sisi ndivyo tulivyolelewa."

"Reli ingekuwa na adabu zenu, Tobias, hapa pote pangekuwa makaburi."

Akapanda baiskeli akaondoka. Nilijiona nimeshinda. Nilikuwa napenda sana kushinda.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa sita. Nimekaa barazani nabangua karanga, redio iko dirishani. Saa nne na dakika arobaini asubuhi sauti ikaingia safi kabisa.

"Shangazi, shikamoo."

Kisha ule ukimya mzito wa mtu aliyeshikilia kitufe. Nikakunja midomo. Nikaendelea na karanga.

"Shangazi, shikamoo. Shangazi."

Nina daftari. Kazini tuliandika kila kilichosemwa na saa yake, na mazoea hayo hayakustaafu pamoja nami. Nikalifungua nikaandika: 4:40, N., shikamoo, kitufe sekunde ishirini. 4:43, hivyo hivyo. Niliona nimepata mfano mzuri wa kuwasomea Jumamosi. Ilipoingia ya nne nilisikia anahema, nikaandika: anahema, anaweka mdomo karibu mno na redio. Ya sita ilikuja kwa mikwaruzo, nikaandika: amehama, hajui kwamba anajificha nyuma ya kichuguu. Ya nane ilikuwa nzuri tena, nikaandika: amepanda juu ya kitu, au amebadili betri.

Kila kosa la kiufundi nililitambua. Hakuna fundi ambaye angenipita siku ile.

Kuna mara moja mkono wangu ulikwenda kwenye kitufe. Ilikuwa ya tisa. Alisema, "Shangazi Veneranda, shikamoo, ni mimi Nyamizi," na sauti ikapanda mwishoni. Nikajiambia kwamba nikiitikia leo, kazi yote ya Jumamosi imekwenda na maji. Aseme shida yake, nitajibu. Nikapunguza sauti ya redio. Ya kumi na moja iliingia saa tano na dakika hamsini na tano, hafifu, na kitufe kilishikiliwa mpaka betri ikakata. Nikaandika: betri imekwisha, sababu ni kushikilia kitufe. Nikapiga mstari chini.

Saa kumi alasiri Sabiri, kijana wa bodaboda wa Ntalikwa, alisimama kwangu bila kuzima pikipiki. Tawi lilivunjika. Tobias alianguka na mzinga wake, goti likatoka mahali pake, nyuki wakamshukia. Nyamizi alimvuta mpaka kivulini, akafanya ninachokijua, na aliposhindwa akakimbia hadi barabarani, ambako ni mbali. Walipomfikisha hospitali mguu ulikuwa umeshapoa. Daktari aliniambia kwa upole kwamba mshipa wa damu ulibanwa pale gotini, na kwamba angeletwa mapema wangeuokoa. Aliniuliza tulichelewa wapi. Nikamwambia msituni hakuna mtandao.

Waliukata juu ya goti Ijumaa asubuhi.

Jumamosi Wapagazi wa Hewani hawakuita majina. Walikutana nyumbani kwa Mwalimu na kuiweka redio ya Nyamizi mezani ili waitafutie ugonjwa. Nyamizi alikuwepo, uso umevimba kwa kuumwa na nyuki, jicho moja limefumba. Alieleza kwa sauti ndogo kwamba redio haikufika.

"Nilimwita shangazi nikaona kimya. Nikasogea, kimya. Nikapanda kichuguu. Nikabadili betri. Nikamwacha baba peke yake nikaenda mpaka kwenye ule uwazi, nikadhani miti inazuia. Nilirudi nikamkuta nyuki wamemrudia."

Basi wakaanza. Dionis akasema hilo ndilo tatizo la kununua redio ndogo. Shomari akaigeuza antena, akaipuliza kwenye uzi wake wa kufungia, akasema kutu. Mwalimu akauliza kama kuna msimbo. Wakatoka nje, mmoja akaenda mpaka kwenye kisima, mwingine akabaki, wakaitana, redio ikaitika vizuri. Wakabadili betri, ikaitika vizuri. Dionis akasema basi ni hewa ya mwezi wa sita. Nilikaa kwenye benchi na daftari ndani ya mkoba, nikiwasikiliza wajinga hawa wakimtetea mkosaji bila kujua. Kila mmoja alikuwa na jibu, na kila jibu lilikuwa njia ya mimi kutokea. Ningenyamaza tu, kosa lingebaki kwenye kutu.

"Mama Veneranda," Mwalimu akasema mwishoni, "wewe ndiye mjuzi. Imeharibika wapi?"

Nilitaka kusema antena. Neno lilikuwa mdomoni. Kisha nikamwona Nyamizi, na lile jicho lake moja lilikuwa linanitazama kwa matumaini, kwa sababu nikisema antena, basi hata yeye hana kosa la kumwacha baba mkwe wake kwenye nyuki.

Nikatoa daftari nikawasomea. Saa nne na dakika arobaini, shikamoo. Saa nne na dakika arobaini na tatu, shikamoo. Nilisoma zote kumi na moja, pamoja na maelezo yangu, anahema, amehama, amebadili betri, mpaka kwenye ule mstari. Sauti yangu ilikuwa ile ya kazini, haikutetemeka, na hilo nalo nalichukia.

"Redio ni nzima," nikasema. "Nilimsikia tangu ya kwanza."

Shomari aliiweka antena mezani. Nyamizi hakulia. Aliinuka, akaichukua redio yake, akaifunga ndani ya kitenge, akatoka.

Tobias hajanilaumu. Angenilaumu ningekuwa na la kujibu. Anakaa mlangoni Ntalikwa na magongo yake, na nikienda ananikaribisha kiti. Nyamizi ananipigia goti kama zamani, ananiletea maji, maana mama yake alimlea. Nyumbani ananiamkia nami naitikia haraka kabla hajamaliza, hata naona haya.

Hewani ni tofauti. Kila siku saa kumi na mbili jioni nakaa dirishani, nimeishika redio, nangoja. Anaingia kwa saa yake, hajachelewa hata mara moja.

"Itetemia, Itetemia, hapa Ntalikwa. Mzee amekula. Dawa amekunywa. Kidonda ni kikavu. Mwisho."

Sekunde tisa. Hakuna mwanafunzi wangu hata mmoja aliyewahi kusema vizuri namna hiyo, relini wala chamani. Jana nilishindwa kuvumilia. Nikabonyeza kitufe, nikahesabu moja, nikasema, "Nyamizi, mwanangu, marahaba." Nikaachia, nikasikiliza.

"Itetemia," akasema, "nimekupata. Mwisho."

Akaachia kitufe palepale, kama nilivyomfundisha.