Mji wa Mzee Tobias

Mjukuu wangu Flavia alijifunza kupuliza saksafoni kwenye bendi ya parokia, kule Mapera, Mbinga, kwenye kahawa. Albamu yake ya kwanza ya jazi ilikuwa imebakiza wimbo mmoja tu, wa mganda, ngoma ya vibuyu niliyokulia nayo Liuli, kando ya Ziwa Nyasa. Akaniambia, "Bibi, huu siupulizi studio. Nautaka kulekule ziwani, vibuyu viniitikie."

Tukashuka Liuli na Jastin, fundi wa studio. Uwanjani wanaume wa mganda, waliokwisha kupata habari za albamu, walishajipanga, suruali nyeupe, vibuyu vyao vya kupuliza mikononi. Kiongozi wao, Mzee Tobias, nimecheza naye utotoni.

"Shikamoo, babu," Flavia akasema.

"Marahaba. Hilo dude libaki kwenye mfuko wake. Mganda haupulizwi na mwanamke. Na wimbo wetu uutoe kwenye albamu yako."

Flavia akafungua zipu ya mfuko. Jastin yeye akaanza kukunja waya zake za kurekodia.

"Nani kakutuma kukunja?" nikamwuliza. Akazikunjua.

Nikamgeukia Tobias. "Kitendawili."

Watu wakacheka. Kwetu ukitegewa mbele za watu hukatai.

"Tega," akasema, shingo upande.

"Ninaye mtoto. Ukimwacha matundu wazi, analia kama kifaranga. Ukimziba yote, ananguruma."

"Kibuyu."

"Kibuyu chako ukikiziba kinanyamaza."

"Pua." Wakacheka tena. "Haya, nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua Mbinga."

"Mbinga nimetoka asubuhi. Nataka Liuli."

Akatikisa kichwa. Dastan, mmoja wa wapulizaji wake, akasema, "Mpe, mzee. Umeshindwa."

"Chukua Liuli. Lakini huo ni mji wa kitendawili, Mama Placidi. Si wa kweli."

"Nimeupokea hivyohivyo. Flavia, mjini kwangu unapuliza. Waonyeshe jibu."

Flavia akaziba matundu yote ya saksafoni, akaanza na ile sauti ya chini kabisa, nikaisikia mpaka magotini. Tobias akaondoka na kibuyu chake. Wenzake wakabaki, Flavia akapuliza ubeti mzima peke yake. Halafu Dastan akainua cha kwake, akaitikia. Na mwingine. Na mwingine.

Albamu imetoka, wimbo huo ndio wa kwanza. Ukitega sikio, pale mwanzoni yupo Tobias anasema "Chukua Liuli," maana Jastin alishawasha mashine ya kurekodia. Juzi Tobias kamtuma mtu kwangu, eti nimrudishie mji wake.

Sirudishi.