Dau la Mgongo Unauma

Mimi nina hasira, sikatai. Mume wangu husema nikikosa wa kugombana naye nagombana na mlango. Mtu wa namna yangu hana kazi ya kupeleka kitu mnadani, tena mnada wenyewe wa mtandaoni, ambako hata wa kumkaripia humwoni. Lakini nilipeleka, na yaliyonipata nayacheka mpaka leo.

Kazi yangu ni makochi. Watu wananiletea makochi yao yaliyochoka, nayavua vitambaa, natoa springi zilizochomoza, naweka sponji mpya, nagonga misumari midogo pembeni, yanarudi kwao yamenona. Ndiyo maana mtaani naitwa Nyundo. Miaka yote hiyo nilikuwa nafufua vitu vya watu. Kochi likipendeza, anasifiwa mwenye kochi. Basi mbao nzuri ikanibakia, nikaamua kutengeneza kiti changu mwenyewe, kutoka kichwani mwangu: cha mtu mmoja, mgongo mrefu, mikono mipana ya kuwekea kikombe, kitambaa rangi ya chungwa lililoiva. Nilipokikalia mara ya kwanza nilinyamaza, na mimi kunyamaza si jambo dogo.

Nilichokitaka ni kimoja tu: mgeni. Mtu asiyenijua, asiyenionea huruma, asiye na undugu na mimi hata ule wa kuunga kwa gundi, akione kiti kile na akitake. Kiwanda kimoja cha magodoro kilikuwa kinanisubiri niwajibu kama nitakwenda kuwashonea kutwa kucha kwa mshahara. Nikajiambia, mgeni akikitaka kiti changu nabaki na karakana yangu, natengeneza vya kwangu. Asipopatikana wa kukitaka, naenda magodoroni, na sitamlaumu mtu.

Usiniulize kwa nini sikuridhika na maneno ya nyumbani. Nyumbani tulikuwa na mama yangu mzazi, aliyeuza nyanya sokoni mpaka magoti yalipomgomea. Mume wangu, dereva wa lori dogo, anayeendesha kama kabeba mayai hata likiwa tupu, tukampa jina la Taratibu. Na wifi yangu, dada yake, msusi mwenye mdomo kunizidi. Wote walikisifu kiti. Sasa mama anasifu hata chai yangu, na chai yangu naijua mwenyewe.

Wifi ndiye aliyenionyesha mtandao wa mnada. Unapiga picha, unaandika maelezo, unaweka bei ya kuanzia, watu wanapandisha dau kwa wiki nzima, na wa juu ndiye anayechukua. Kulikuwa na masharti, marefu kama hotuba ya mgeni rasmi. Nikateremka mpaka chini, nikabonyeza nimekubali. Kwa hiyo sikujua kwamba wenye mtandao wanakata ada ya kuweka tangazo, halafu wanakata tena fungu lao kwenye bei ya mwisho. Na kwa kiburi changu nikaandika kwamba usafiri ni juu yangu, kwa kuwa lori tunalo na dereva wake nalala naye. Mnunuzi anaishi wapi, hilo sikujiuliza.

Mwanzoni kimya. Nikawa naangalia simu kila nikigonga msumari, nikajigonga kidole. Halafu akaja bwana mmoja kwa ujumbe. Jamani, yule mtu alijua kusifu. Alisema mgongo wa kiti kile umechorwa na mtu mwenye roho. Akaomba tuachane na mnada, anilipe yeye moja kwa moja. Kesho yake ukaingia ujumbe uliofanana kabisa na wa benki, kwamba amenitumia hela kuliko bei tuliyopatana, na yeye mwenyewe akaandika kwa unyenyekevu kwamba amekosea, nimrudishie tu ile iliyozidi. Nilikuwa nimeshashika simu nimrudishie. Si kwa tamaa, ni kwa vile alivyousifu ule mgongo. Taratibu akasema tusubiri kwanza tuone kama hela imeingia kweli kwenye akaunti. Mara hiyo moja katika ndoa yetu nilifurahi kwamba nimeolewa na mtu mzito, kwa sababu akauntini hapakuwa na kitu.

Nililia. Sikulilia hela, maana haikutoka. Nililia kwa kuwa mgeni wa kwanza kukitaka kiti changu alikuwa mwizi.

Jioni ile ile likaingia dau la kwanza kwenye mnada wenyewe. Aliyetoa alijiita Mgongo Unauma. Kabla sijakaa vizuri akaja mwingine, Tajiri Mpole, akaongeza. Akaja Binti Mrembo. Akaja Mteja Mwema. Mgongo Unauma akajikongoja, akaongeza mara mbili, halafu wakamwacha mbali. Wale watatu wakashikana mashati juu ya kiti changu mpaka siku ya mwisho.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili, mnada unafungwa jioni, na sote tulikuwa sebuleni. Wifi kasimama dirishani ametupa mgongo. Taratibu anakwenda chooni, anarudi, anakwenda tena, nikamwambia ameze dawa ya tumbo. Mama kajifunika shuka mpaka kidevuni, eti baridi. Simu yangu inalia tu, bei inapanda, mimi nacheza katikati ya zulia. Ilipozidi maradufu ya nilivyotarajia sikungoja hata mnada ufungwe. Nikampigia msimamizi wa magodoro nikamwambia atafute mtu mwingine, mimi nina wateja wanaogombania vitu vyangu. Nilisema kwa sauti ya kuringa, sitaki kudanganya.

Mnada ukafungwa. Mshindi, Mteja Mwema. Na papo hapo, chini ya shuka la mama, simu ikaita ule mlio wa mtandao wa mnada.

Nikafunua shuka. Kwenye simu ya mama, ambaye siku zote husema simu kwake ni ya kupokelea tu, palikuwa pameandikwa hongera, umeshinda.

"Mwanangu," mama akasema, "nilibonyeza kidogo tu."

Wifi akageuka na kushangaa, maana yeye ndiye Binti Mrembo, na siku zote hizo alikuwa anamlaani Mteja Mwema kimoyomoyo. Taratibu akatokea chooni na simu mkononi. Tajiri Mpole huyo. Hakuna aliyejua ya mwenzake. Kila mmoja alikuwa anapambana na mzigo wa kunisaidia peke yake.

Mama hakuona kosa. Sokoni, alisema, ndivyo walivyokuwa wakifanyiana. Meza ya mwenzako ikikosa watu, unaiacha yako, unakwenda kujifanya mteja, unaminya nyanya, unabishana bei kwa sauti, na watu wakiona pana kelele wanasogea. Nyanya zinaisha. Sasa hapa kelele alipiga, watu wakakimbia, na yeye akabaki na kiti.

Hasira niliyoipata siku ile sijaipata tena. Niliwaambia mwizi aliniumiza kidogo kuliko wao. Nilisema mengi, mengine sikupaswa kumwambia mama. Kodi ya karakana ningeilipa na nini, magodoroni nimeshajifungia mlango kwa mdomo wangu mwenyewe, na bado sikujua hata kama kuna binadamu mmoja nje ya nyumba ile anayekitaka kiti changu. Kilichonimaliza ni kwamba mama alianza kulia, na wifi akalia, na Taratibu akaenda tena chooni, safari hii kwa kweli. Nikajikuta nacheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye zulia.

Ankara ya fungu la wenye mtandao ikaingia kabla sijamaliza kucheka. Hapo ndipo niliposoma masharti, neno kwa neno, kwa adabu zote. Ndugu wa muuzaji haruhusiwi kutoa dau. Nikawaandikia wenye mtandao nikasema ukweli wote, mpaka shuka la mama. Wakaufuta mnada, fungu lao la bei ya mwisho wakaliacha, ada ya tangazo wakabaki nayo. Wakanionya nisirudie, na wakaniruhusu nimwulize yule mtoa dau aliyebaki, kwa bei aliyoitaja mwenyewe.

Yaani Mgongo Unauma.

Nilianza kwa kuwauliza wote, mmoja mmoja, kama ni yeye. Taratibu akaapa kwa lori lake, na kwa lori hasemi uongo. Basi nikamwandikia mgeni yule kwamba waliompita ni mama yangu, mume wangu na wifi yangu, kwamba naomba radhi, na kwamba kiti kipo kama bado anakitaka. Jibu lilikuja fupi: leteni nikikalie, nikikikataa mtarudi nacho.

Alikokuwa anaishi ilibidi tujaze tangi. Usafiri, kumbuka, ni juu yangu. Mama alitaka kuja, nikakataa katakata. Taratibu nilimchukua kwa sababu ya usukani tu, na alikula kiapo cha kunyamaza.

Alikuwa mama mtu mzima, mfupi, mwalimu mstaafu wa hesabu, na miwani ameining'iniza kifuani. Tukamwamkia, akaitikia, akakizunguka kiti kama anasahihisha daftari.

"Hii rangi mbaya," akasema. "Uliichagua mwenyewe?"

Nikafungua mdomo. Taratibu akanishika mkono. Mwalimu akaendelea: mikono mipana mno, inakula nafasi, picha za kwenye tangazo zilipigwa gizani, na maelezo yangu yana chumvi. Kila neno likanichoma, na huku moyo unanidunda kwa furaha ambayo sikuielewa, mpaka nikaielewa. Mama asingesema hivyo. Wifi asingesema. Mwizi wangu, na sifa zake zote, asingethubutu. Huyu alikuwa mgeni kweli kweli.

Akakaa. Akaegemea. Akanyamaza.

Tukasimama pale sebuleni kwake kama tunasubiri matokeo. Baada ya kitambo akauliza habari za njia. Akamwuliza Taratibu lori linakula mafuta kiasi gani. Akamwelekeza jikoni kuliko na birika, atuletee chai, maana yeye, alisema, hawezi kuinuka sasa hivi. Chai ikaja, akaweka kikombe kwenye mkono wa kiti, ule mpana mno, bila kutazama. Akaniomba nimpe mkoba wake, akalipa akiwa amekaa. Tulipoaga akatuambia tuufunge mlango wenyewe.

Njiani niliimba. Sina sauti, lakini niliimba. Taratibu akajaribu kunipigia hesabu, ukitoa mafuta, ukitoa ada, ukitoa kitambaa na sponji, kinachobaki ni mkate na sukari. Nikamwambia hesabu tumemwachia mwalimu, yeye aendeshe. Na nikimaliza kuimba tunapitia mbao.

Kesho yake mwalimu alituwekea maoni kwenye mtandao, nyota tatu kati ya tano. Wifi akayasoma kwa sauti, sote tumekaa sebuleni. "Rangi mbaya. Muuzaji ana hasira, inaonekana usoni. Mume wangu amekikalia tangu asubuhi na amekataa kunipisha. Nataka cha pili."

Mama akawaka. Zile nyota mbili zimekwenda wapi, alitaka kujua, na alikuwa ameshashika simu amjibu mwalimu wa watu. Nikamnyang'anya, nikambusu kipaji cha uso, nikaenda karakana kukata kitambaa. Nilikata cha chungwa.