Kadi ya Mchango Isiyo na Bwana Harusi

Harusi arobaini na moja zilipita mikononi mwa Mwenyekiti, na zote zilikuwa na bibi, zilikuwa na bwana, watu wakachanga, wakala, wakaenda zao. Hii ya sasa ilikuwa na chombo cha angani. Na mwenye chombo si mtu baki, ni mpwa wake mwenyewe, fundi simu, yule ambaye mtaa mzima unamwita Bisibisi kwa sababu hata msibani utamkuta nayo nyuma ya sikio.

Alimjia Jumatatu moja asubuhi, kwenye duka lake la magodoro.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mbona umekonda? Una nini?"

Alikuwa na mengi. Anataka kutengeneza tamthilia ya mtandaoni, vipindi sita, hadithi ya kisayansi aliyoibuni mwenyewe na kuiandika kwa miaka mitatu. Pa kupigia picha amepapata: kile kiwanda cha mikate kilichofungwa, majoko yake ya chuma na mabomba yake yamekaa kama chombo chenyewe. Ila mwenye kiwanda kampa mpaka Jumatatu ijayo. Asipoleta kodi ya miezi miwili, majoko yanakatwa na kuuzwa vyuma chakavu.

"Nikikikosa kile, Mjomba, basi tena. Sina pengine pa kuipeleka hii hadithi."

"Umeomba watu?"

"Nimeomba mtandaoni siku arobaini. Wamechanga kumi na mmoja. Na mmoja wao kanipigia jana, anataka nimkopeshe."

Mwenyekiti aliangua kicheko, kisha akaona mwenzake hacheki. Binti huyu yeye na mkewe ndio waliomlea, na hakuwa mtu wa kuomba. Hata viatu vya shule alikuwa anavaa mpaka vitoboke, uvione mwenyewe. Basi huruma ikamshika, akasema nitaongoza kikao, Jumamosi, hapahapa dukani. Alishasema ndipo akakumbuka kuuliza kilichofaa kuulizwa kwanza.

"Sasa hadithi yenyewe inahusu nini?"

"Mama anasafiri angani. Chombo kinakwenda mbio mno, kwa hiyo muda wake yeye unakwenda polepole kuliko wa nyumbani. Kwake inapita wiki, huku inapita miaka. Akirudi, mtoto wake kamzidi umri."

"Nani kamzidi nani?"

"Mtoto. Kamzidi mama."

"Mtoto wa nani?"

"Wa huyohuyo mama, Mjomba."

"Aliyemzaa mwenyewe?"

"Aliyemzaa mwenyewe."

Mwenyekiti alikuna kichwa. Alikaa akiitazama saa ya ukutani, ikawa nayo haimsaidii. "Basi saa za huyo mama ni mbovu," akasema. "Na wewe ni fundi. Si umtengenezee?"

Haya, tuseme kweli: mtu mwingine angemrudisha binti wa watu amweleze upya, taratibu. Mwenyekiti hakutaka kuonekana mjinga dukani kwake. Akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa, akaingia stoo kutafuta kadi.

Kadi zilikuwepo, zimebaki kutoka harusi ya mwisho, zenye pete mbili zilizoshikana juu. Zimeandikwa: *Mchango kwa ajili ya harusi ya ........ na ........* Kuchapa mpya ni gharama, akachukua rula na kalamu nyekundu, akakata neno "harusi" kadi moja baada ya nyingine. Nafasi mbili za majina zikamtoa jasho. Aandike nini? Chombo na nani? Mama na saa? Akaziacha wazi, akazisambaza hivyohivyo.

Jamani! Kadi ina pete, haina majina, na imetoka kwa mtu ambaye maisha yake yote hajasambaza kadi isipokuwa ya harusi. Kufika Jumatano mtaa mzima unajua Bisibisi anaolewa. Alhamisi mshona nguo akaja kuuliza rangi ya sare. Ijumaa mke wa Mwenyekiti akamfuata mumewe chumbani, akafunga mlango.

"Niambie ukweli. Kuna mtu?"

"Kuna chombo."

"Chombo gani?"

"Cha angani."

Mkewe alimshika paji la uso kuona kama ana homa. Hakuwa nayo. Alikuwa na mkanganyiko tu, tena wa kutosha familia nzima, kwa sababu na yeye sasa alishaanza kuwaza labda kweli kuna mwanaume na ndiye anayefichwa.

Jumamosi mchana watu walijaa. Viti havikutosha, wakakaa juu ya magodoro, na kila aliyejisogeza nailoni ililia chini yake. Wanawake walipendeza. Mshona nguo alikuja na vipande vya vitambaa begani, rangi nne, wachague. Bisibisi alisimama mbele na kompyuta yake, akaangalia zile nguo, akaangalia vile vitambaa, akamgeukia mjomba wake kwa macho ya mtu aliyeingia chumba kisicho chake.

"Mbona wamevaa hivi?" akanong'ona.

"Wewe eleza tu."

Akaeleza. Alieleza vipindi, dakika, taa, waigizaji, kodi ya kiwanda. Watu wakasikiliza kimya, wakimsubiri bwana harusi aingie kwenye maelezo. Hakuingia. Mwisho mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu asiyeweza kuliacha kosa lipite hata kwenye risiti ya sukari, akanyoosha mkono.

"Samahani, binti. Kwanza, mchumba ni yupi?"

"Hakuna mchumba, Mwalimu. Ni tamthilia."

Minong'ono ikazagaa. Mshona nguo akaanza kukunja vitambaa vyake. Watu wawili waliokaa karibu na mlango wakatafuta viatu.

"La pili," mwalimu akaendelea, "hapo umesema mama ana miaka ishirini na tisa, mtoto ana thelathini na tatu. Hesabu hiyo haipo. Nimefundisha miaka thelathini na sita, haipo."

Watu wakavunjika mbavu. Bisibisi akafunga kompyuta yake. Kiwanda kilikuwa kinamponyoka mbele ya macho yake, na aliyesababisha ni mjomba wake na kalamu yake nyekundu. Mwenyekiti aliliona hilo na roho ikamuuma. Akasimama. Hakuwa na la kusema hata kidogo, ila alizoea kwamba akisimama, maneno huwa yanakuja.

"Mwalimu," akaanza. "Hesabu ni kwamba... mama ana ishirini na tisa."

Namba hizo alikuwa hajaambiwa kabla ya leo. Alimtazama mpwa wake, mkono kiunoni, bisibisi nyuma ya sikio, pale pale ambapo dada yake alikuwa anachomeka kalamu ya zahanati. Dada yake, muuguzi, aliondoka siku ya Jumanne na begi la bluu kwenda semina ya siku tatu, akasema Ijumaa nipo, mwangalieni mtoto. Gari likapinduka njiani. Mtoto alikuwa na miaka minne. Dada alikuwa na ishirini na tisa.

Na huyu hapa, mwezi jana tu, alitimiza thelathini na tatu.

"Hesabu ipo, Mwalimu," Mwenyekiti akasema, na sauti haikuwa ile ya vikao. "Ipo. Mimi ndiye niliyekuwa sijaijumlisha. Wengine hapa mnamkumbuka dada yangu."

Hakuna aliyecheka tena. Mkewe, aliyekaa nyuma, aliweka mkono mdomoni.

"Nimemzidi, Mjomba," Bisibisi akasema taratibu, kama vile dukani wamo wao wawili tu. "Tangu nifike thelathini sijui nimuwaze vipi. Nikimuota, naota mdogo wangu."

Mwenyekiti aliuliza kimoja tu. "Anarudi? Huyo wa kwenye chombo?"

"Anarudi. Kipindi cha sita anagonga mlango. Binti anafungua. Mama hamjui, anaona mtu mzima aliyemzidi miaka, basi anafanya adabu. Anamwambia shikamoo."

"Lahaula!" mshona nguo akasema. Vitambaa vikamdondoka.

"Na binti anaitikaje?" mwalimu akauliza.

"Hapo ndipo nilipokwama. Mtu unamwitikiaje mama yako marahaba?"

Wee! Duka likawaka moto. Mwalimu akasema lazima aitike, salamu haiachwi hewani, na umri ni umri. Mshona nguo akasema thubutu, akiitika amelaaniwa. Mmoja wa wale waliotafuta viatu akarudi kukaa, akasema amkumbatie tu, asiseme kitu. Mwingine akamwambia utamkumbatiaje mtu asiyekujua, atapiga mayowe. Walibishana saa nzima, nailoni zikilia, mpaka mwalimu akasimama na kadi yake mkononi.

"Mimi nachanga," akasema kwa hasira. "Nachanga ili nimwone anaitika, niwaumbue nyote."

"Na mimi nachanga asiitike!" akajibu mshona nguo, na baada ya hapo kadi zilirudi mezani harakaharaka. Kodi ya kiwanda ilitimia, na sare hazikushonwa.

Walipotawanyika, Mwenyekiti alikuta mezani kadi moja tupu. Katika harusi zote arobaini na moja hakuwahi kujaza kadi. Kwake kuongoza ndio ulikuwa mchango. Sasa alikaa, akaandika kiasi ambacho mkewe, aliyekuwa anachungulia begani, alikisoma mara mbili. Kisha kwenye nafasi ya kwanza, juu ya nukta, akaandika jina la dada yake. Tangu jiwe la kaburi hakuwahi kuliandika popote.

Nafasi ya pili akaiacha. Akamsogezea Bisibisi kadi pamoja na kalamu.

Bisibisi alisoma jina la mama yake. Akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akainama, akaandika lake.

"Akikuamkia," Mwenyekiti akamwambia, "sijui, mwanangu. Walahi sijui. Ila usimwache mlangoni."