Pumzi Tatu Kila Alhamisi

Ukitoka Kitengela ukielekea kwa mawe, kule kwa machimbo, kuna mahali barabara inaanza kuwa nyeupe. Viatu inageuka rangi, nyusi inageuka rangi, hata mbwa wa huko wote wanakaa wazee. Nilikuwa napenda hapo sana, na mimi si mtu wa kupenda mahali. Tangu nimalize Form Four nimeosha magari, nimeuza laini za simu, nimebeba mbao siku tatu nikatoroka. Hiyo ya utafiti ndio kazi ya kwanza nilikuwa naamka kabla alarm ilie.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Watu wa chuo fulani walitaka kujua hii vumbi inafanya nini kwa kifua cha mtu. Wakachukua watu mia mbili arobaini wa mawe, kompyuta ikawagawanya hivi hivi tu, kama kurusha shilingi. Nusu wakapewa maski, na kila asubuhi meseji ya kuwakumbusha kuvaa. Nusu wakaambiwa wangoje, zao zitakuja mwisho. Halafu kila mtu akapewa kakitu ka plastiki ka kupuliza. Unavuta hewa, unapuliza na nguvu zako zote, mshale unasimama kwa namba. Namba ikiwa kubwa, kifua ni kizuri. Vijana wa mawe waliiita filimbi na hata hailii.

Mimi nilikuwa na watu ishirini. Kila wiki naenda kwa mtu, anapuliza mara tatu, naingiza zote tatu kwa simu, simu inatuma ofisi Kajiado. Ni hivyo tu.

Mzee Munguti alikuwa wa Alhamisi. Nilimweka wa mwisho makusudi, ndio nikifika nisiwe na haraka.

Siku ya kwanza aliangalia kitambulisho changu cha kazi akakishika mbali na macho.

"Roy Musila. Musila gani?"

"Ni baba. Alikuwa anakata mawe hapa. Alikufa nikiwa class six."

Akaweka kikombe chini. "Hebu geuka nikuone kutoka nyuma."

Nikageuka.

"Ehe. Hiyo kichwa ni ya Musila. Pole sana, kijana."

Nilicheka mpaka nikasahau fomu. Unajua kwetu hakuna mtu alikuwa ananiambia kitu ya baba. Mama ukimuuliza anaanza kufagia. Tulibaki na picha moja, ile ya kitambulisho, na hapo hata hacheki. Alikufa na kifua. Wengine walisema TB, lakini vipimo vilikataa, basi ikaisha hivyo, bila jina.

Kumbe mzee alikaa naye kwa shimo moja miaka tisa. Ndio akaanza kunipatia baba kidogo kidogo, kila wiki kipande. Akaniambia baba alikuwa anagonga jiwe mara moja, anaweka sikio, anakuonyesha na kidole pahali litapasukia. Akaniambia aliogopa kinyonga. Kwamba siku nilizaliwa alikuja kazini amevaa shati ya harusi, akakata mawe nayo mpaka jioni.

"Na wewe puliza bwana," namwambia. "Unapuliza ni kama unapoesha chai."

"Wewe andika. Baba yako alikuwa anaongea hivyo hivyo, kazi ya watu wengine anaijua sana."

Anapuliza. Mia tatu themanini na nne. Mia tatu sitini na moja. Mia tatu tisini na mbili. Ya tatu ndio ilikuwa inashindanga, sijui kwa nini. Akimaliza anapanguza filimbi na shati, anairudisha kwa mkebe wa mafuta ya Kimbo, kisha anauliza, "Tulifika wapi?" Hapo ndio Alhamisi yangu inaanza.

Hiyo ilikuwa Aprili. Juni akawa mia tatu arobaini na kitu. Julai mia tatu. Niliona. Namba nilikuwa naandika mimi na hii mkono.

"Mzee, iko chini."

"Ni baridi ya Julai, mwana wa Musila. Hata mshale unasikia baridi."

Nikaacha hivyo. Nilitaka tumalize ile stori ya kinyonga.

Agosti nikafika nikapata kufuli. Mama wa nyumba ya pili akasema msichana wa mzee, Nzula, alikuja na gari, Probox, asubuhi mapema, wakamwekelea nyuma na mablanketi. Simu ya mzee, mteja hapatikani. Nikakaa kwa lile jiwe alikuwa anakalia. Nikafungua simu yangu, jina lake liko na alama nyekundu. Unajaza ama unabonyeza HAPATIKANI. Ukibonyeza hiyo wiki tatu, mtu anatoka kwa orodha yako.

Nikajaza. Mia tatu na kumi, mia tatu, mia tatu na kumi.

Nilifanya hivyo Alhamisi sita. Na nilikuwa naenda kabisa, silali nyumbani. Nakaa kwa jiwe, naangalia kufuli, najirudishia stori moja nikiwa peke yangu, halafu najaza. Nilijiambia sijaibia mtu.

Ndio Madam Resian akanipigia. Yeye ndio alikuwa wa hesabu za utafiti, huko Kajiado. Nilimjua kwa simu tu. "Kuja ofisi kesho," akasema. Hakusema ya nini.

Ilikuwa siku ya soko la mifugo, ng'ombe wamejaa, nikafika kama nimechelewa. Alinisalimia "Sopa" ya Kimaasai vizuri, akanivutia kiti kando yake, akageuza kompyuta. Kwa kioo kulikuwa na mistari mingi, kila mtu na wake, inapanda inashuka kama milima ya Ngong.

"Baba yangu hahesabu ng'ombe," akaniambia. "Kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Anasimama kwa mlango wa boma wakiingia, na anajua ni nani hayuko. Mimi naangalia mistari hivyo. Sasa angalia huyu."

Mstari wa Munguti ulikuwa unateremka, unateremka, halafu Agosti ukalala. Ukanyooka kama waya.

"Hakuna mtu aliye hai anapumua hivi, Roy. Hakuna mtu namba zake zote zinaisha na sifuri. Mzee ako wapi?"

Nikamwambia yote. Ya kufuli, ya jiwe, hata ya baba. Nilidhani atapiga kelele. Alivua miwani tu.

"Unajua ni watu gani wanatoka kwa utafiti kama huu?"

"Wenye wamechoka."

"Wagonjwa. Mwenye ako sawa unampata kila wiki akichapa kazi. Mwenye anaenda nyumbani ndio kifua kimemshinda. Sasa wewe ukijaza mahali pake namba nzuri, mimi nikipiga hesabu mwisho, vumbi itatoka haina makosa. Nitaandika mawe hayaui mtu. Na nitakuwa na ushahidi, wako."

Hapo nikaona baba na shati ya harusi. Miaka hiyo yote mtu angeuliza ni nini kilimuua, jibu lingetoka kwa karatasi kama hiyo, na mimi ndio nilikuwa nalizika. 

"Baada ya leo hutarudi kwa mawe," Madam akasema polepole. "Watu wako nitampa Soipan, mwenzako. Zile sita nazifuta sasa hivi. Lakini fomu ya huyu mzee utaifunga wewe mwenyewe, vile inafaa. Ukurasa wa pili wa fomu kuna namba ya mtu wake wa karibu. Ulipiga?"

Sikuwa nimepiga. Namba ilikuwa hapo tangu Aprili. Nilikuwa naijua, na niliogopa kuambiwa.

Nikapiga, yeye akiniangalia. Ililia mara moja tu.

"Shikamoo, ni Nzula? Mimi ni Roy, wa ile filimbi ya Kitengela..."

"Mwana wa Musila!" Alisema kama mtu tumekaa naye. Halafu akaniambia: "Tulimzika juzi, huku Sultan Hamud. Simu yake ilianguka kwa maji ile siku tunatoka, na kadi yenu yenye namba ya ofisi ilibaki kwa nyumba. Hatukujua tupeleke wapi."

"Mpeleke nini?"

"Si namba zenu. Alikuja na hiyo kitu kwa mkebe wa Kimbo. Kila Alhamisi lazima apulize. Namwambia baba pumzika, anakataa, anasema mwana wa Musila ni mkali, anataka zote tatu. Nimeandika kwa kitabu ya mtoto. Unazitaka?"

Madam Resian alikuwa amesikia. Alinisukumia kompyuta, sanduku za wiki sita ziko wazi, mimi nikashika simu na bega.

"Soma polepole," nikamwambia.

"Alhamisi ya kwanza. Mia mbili sabini na tatu. Mia mbili hamsini na nane. Mia mbili themanini na moja."

Pumzi ya tatu bado ilikuwa inashinda. Nikaandika. Alhamisi ya pili, mia mbili thelathini na kitu. Alikuwa anasoma taratibu kama mtoto wa shule, na kila mara akigeuza ukurasa nasikia kuku wakipita nyuma yake. Ya tatu. Ya nne, hapo tulikuwa chini ya mia mbili. Ya tano alisema, "hapa alikohoa katikati, lakini alisema uandike tu." Nikaandika.

"Ya sita. Mia na arobaini na saba."

Nikaingiza. Nikangoja.

"Ya pili?"

Nilisikia kuku.

"Hiyo siku alipuliza moja tu, Roy."

Nikamshukuru, nikamwambia pole, nikamwambia nitakuja. Halafu nikabonyeza kutuma. Kompyuta ikaniuliza kama niko na hakika nataka kuacha sanduku mbili wazi.

Nikabonyeza ndio.